Mulamba: Mwanajeshi ambaye jina lake hutajwa kila siku Bukavu, lakini wachache wanamjua

Anayepanda pikipiki au teksi mjini Bukavu hatakaa siku nyingi kabla ya kulisikia jina hilo. "Place Mulamba!" Makondakta wanaliita, wauza karanga wanalitumia kuelekeza wateja, wanafunzi wanakutania hapo wakitoka masomoni. Ni njia panda katika komini ya Ibanda, mahali pa kushuka na kupanda, pa kusubiriana na kuagana.

Lakini ukimwuliza kijana wa leo Mulamba alikuwa nani, mara nyingi utapata jibu fupi: ni jina la mahali. Wengine watasema alikuwa mwanajeshi wa zamani, na wataishia hapo.

Léonard Mulamba alikuwa mwanajeshi kweli. Alikuwa pia waziri mkuu wa nchi, kisha balozi katika mabara mawili, na mwishoni mzee mstaafu aliyefariki mwaka 1986 akiwa hajafikisha umri wa miaka 60. Hakuzaliwa Bukavu. Hata hivyo ni mji huu uliompa jina, na ndio uliolitunza jina hilo hadi leo.

Mtoto wa Kasai katika jeshi la wakoloni

Mulamba alizaliwa mwaka 1928 huko Luluabourg, mji wa Kasai unaoitwa Kananga hivi sasa. Wakati huo Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji, na kwa kijana wa Kiafrika aliyepata masomo kidogo milango ilikuwa michache: ukarani, useminari, ualimu, au jeshi.

Jeshi la koloni liliitwa Force Publique. Kuingia humo kulimaanisha kuondoka nyumbani kwa muda mrefu. Mkataba wa kwanza wa askari ulikuwa wa miaka saba. Wakuu wa jeshi walihakikisha pia kwamba vikosi vinachanganya watu wa makabila mbalimbali, na kwamba askari anapelekwa mbali na kwao, asije akakataa amri siku akiambiwa awakabili ndugu zake. Mtu wa Kasai alijikuta Kivu, mtu wa Equateur alijikuta Katanga. Lugha ya kambini ilikuwa Kilingala, hata pale ambapo nje ya uzio watu walizungumza Kiswahili.

Hata hivyo kambi hazikuwa za wanaume peke yao. Askari waliishi na wake zao na watoto wao. Wanawake walipika, walilima bustani ndogo kando ya nyumba na kulea watoto waliozaliwa katika mkoa mmoja na kukulia katika mwingine. Ndiyo maana hadi leo, katika miji mingi ya mashariki ya Kongo, kuna familia ambazo asili yake ni kambi. Babu alikuja na bunduki, akastaafu, akajenga pale pale, na wajukuu wakawa wenyeji.

Katika jeshi hilo Mwafrika alikuwa na dari juu ya kichwa chake. Angeweza kuwa koplo, sajenti, na mwisho kabisa ajuda. Cheo cha afisa kilikuwa cha Wazungu. Hadi usiku wa kuamkia uhuru, tarehe 30 Juni 1960, hapakuwa na hata afisa mmoja Mkongo aliyekuwa akiongoza kikosi katika jeshi lenye askari zaidi ya 20,000.

Kambi yenye jina la mbali

Bukavu inabeba kumbukumbu nyingine ya askari wa kizazi hicho. Kambi kuu ya jeshi mjini inaitwa Saio. Jina hilo si la Kishi wala la Kiswahili. Ni jina la mji wa Ethiopia, unaoitwa siku hizi Dembi Dollo.

Mwaka 1941, Ubelgiji yenyewe ikiwa imekaliwa na Wajerumani, askari wa Kongo walivuka msitu na Sudan kwenda kupigana na Waitaliano huko Ethiopia. Waliteka Asosa mwezi Machi. Tarehe 3 Julai 1941, huko Saio, Jenerali Mwitaliano Pietro Gazzera alisalimu amri na maelfu ya askari wake mbele ya Jenerali Auguste Gilliaert wa Ubelgiji. Ushindi huo uliandikwa kwa jina la Wabelgiji, lakini miguu iliyotembea safari ile, na migongo iliyobeba mizigo na risasi, ilikuwa ya Wakongo.

Wengi wao walirudi wakiwa na medali na vyeo vile vile vya chini. Walistaafu kimya kimya. Mulamba alikuwa mtoto wa miaka 13 wakati wa Saio, na alipoingia jeshini alikuta kambi zikiongozwa kwa nidhamu ya wazee hao.

Uhuru na vyeo vya haraka

Siku chache tu baada ya uhuru, askari waliasi. Kiongozi wao Mbelgiji, Jenerali Émile Janssens, alikuwa amewaambia wazi kwamba kwa jeshi hakuna kitakachobadilika baada ya uhuru. Hasira ililipuka tarehe 5 Julai 1960 na kusambaa kutoka kambi moja hadi nyingine. Serikali ya Patrice Lumumba iliwaondoa maafisa Wabelgiji katika uongozi na kuwapandisha Wakongo. Victor Lundula, aliyekuwa amewahi kutumika kama sajenti wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akawa mkuu wa jeshi. Joseph-Désiré Mobutu akawa mkuu wa majeshi wa makao makuu. Jeshi likabadilishwa jina na kuitwa Armée Nationale Congolaise, ANC.

Mulamba alikuwa miongoni mwa wale walioamka wakiwa maafisa. Watu waliokuwa wakipokea amri kwa miaka mingi sasa walitakiwa kuzitoa, bila shule ya kutosha, katika nchi iliyokuwa inapasuka. Katanga ilijitenga, Kasai Kusini nayo ikajitenga, na Lumumba akauawa tarehe 17 Januari 1961. Wengi walishindwa kazi hiyo. Mulamba alianza kujulikana kama afisa anayekaa na askari wake.

Agosti 1964: Zamu ya Bukavu

Mwaka 1964 moto mwingine uliwaka. Pierre Mulele alianzisha uasi huko Kwilu mwezi Januari. Mashariki, Gaston Soumialot alikusanya watu karibu na mpaka wa Burundi. Wengi waliomfuata walikuwa vijana walioona kwamba uhuru haujawaletea lolote: bei zinapanda, mishahara hailipwi, na wakubwa wapya wanaishi kama wale wa zamani. Waliitwa Simba.

Uvira iliangukia mikononi mwao mwezi Mei. Albertville, yaani Kalemie ya leo, ikafuata mwezi Juni, na Kindu mwezi Julai. Tarehe 30 Juni wanajeshi wa Umoja wa Mataifa walikuwa wamekamilisha kuondoka Kongo. Mwanzoni mwa Agosti, Stanleyville, mji wa tatu kwa ukubwa nchini, ukaanguka.

Nguvu kubwa ya Simba haikuwa silaha. Wengi wao walikuwa na mikuki na mapanga. Nguvu yao ilikuwa woga wa waliotumwa kuwazuia. Waasi walipewa dawa na waganga wao, wakiamini kwamba risasi zitageuka maji, na wakasonga mbele wakipaza sauti "Mai Mulele!" Askari wa serikali, ambao mara nyingi walikuwa hawajalipwa na hawakuwaamini wakubwa wao, waliiamini dawa hiyo pia. Walitupa bunduki na kukimbia kabla hata adui hajaonekana. Kila mji ulioanguka uliwaachia Simba silaha za kuuteka mji unaofuata.

Katikati ya Agosti ilikuwa zamu ya Bukavu. Mkuu wa waasi, Jenerali Nicolas Olenga, alipeleka wapiganaji wake kuelekea mji huo ulio kando ya Ziwa Kivu. Kama Bukavu ingeanguka, karibu mashariki yote ya Kongo ingekuwa mikononi mwa Simba, na njia ya kwenda Rwanda na Burundi ingekuwa yao.

Aliyekuwa akiongoza ulinzi wa mji ni Mulamba.

Kilichofuata kilikuwa tofauti na miji mingine. Simba waliingia mjini na mapigano yakafika katika mitaa yenyewe. Lakini askari hawakukimbia wote. Mulamba alibaki nao. Ndege za Marekani zilileta askari wa kuongeza nguvu, na ndege za kivita zikashambulia nguzo za waasi. Wapiganaji wa Kibashi wa Mwami Kabare, ambao hawakuuunga mkono uasi huo, walisimama upande wa jeshi. Baada ya siku kadhaa za mapigano Simba walirudi nyuma.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa waasi kushindwa kuuteka mji mkubwa walioutaka. Athari yake ilizidi mipaka ya Bukavu. Habari kwamba Simba wanaweza kufa kwa risasi kama watu wengine ilisambaa katika kambi za jeshi kote nchini. Mji ambao haukuanguka ukawa mahali pa kuanzia safari ya kurudisha maeneo mengine.

Ushindi huo haukuwa safi kwa kila mtu. Raia waliuawa na pande zote mbili katika vita vya 1964, na katika miji mingi waliotuhumiwa kuwa waasi, au ndugu wa waasi, walilipa kwa maisha yao baada ya jeshi kurudi. Wala Bukavu haikuokolewa na mtu mmoja. Lakini askari wa kawaida wanapoamua kukaa au kukimbia, humtazama kwanza mkubwa wao. Mwezi ule, Bukavu, mkubwa hakuondoka.

Miezi kumi na mmoja katika kiti cha waziri mkuu

Sifa ya Bukavu ilimfuata Mulamba. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Novemba 1965, wakati Rais Joseph Kasavubu na Moïse Tshombe wakivutana juu ya madaraka, maafisa wakuu 14 wa jeshi walikutana mjini Léopoldville. Asubuhi redio ilitangaza kwamba Mobutu amechukua urais. Jina la pili katika tangazo hilo lilikuwa la Mulamba: waziri mkuu.

Mobutu alihitaji mtu kama yeye. Mulamba alikuwa na heshima miongoni mwa askari, alikuwa mtu wa Kasai na si wa Equateur kama rais, na wananchi walimfahamu kwa jambo moja ambalo lilikuwa nadra wakati huo, yaani kutokimbia. Bunge liliidhinisha serikali yake siku chache baadaye.

Lakini kiti hicho kilikuwa na miguu mifupi. Mobutu alianza kuvuta kila kitu upande wake, hata mamlaka ya bunge ya kutunga sheria. Mwezi Mei 1966 ilitangazwa kwamba majina ya kikoloni ya miji mikubwa yatafutwa: Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanleyville ikawa Kisangani, Élisabethville ikawa Lubumbashi. Mwezi Juni wanasiasa wanne, akiwemo aliyekuwa waziri mkuu Évariste Kimba, walinyongwa hadharani mjini Kinshasa mbele ya umati mkubwa. Mulamba alikuwa waziri mkuu wakati huo, na doa hilo liko katika historia ya serikali aliyoiongoza.

Mwezi Julai, askari wa Katanga waliokuwa Kisangani waliasi na kumuua Kanali Joseph-Damien Tshatshi. Mulamba alipanda ndege kwenda kuzungumza nao ana kwa ana. Kwa mara nyingine alichagua kwenda mahali penye hatari badala ya kutoa amri kutoka mbali. Mazungumzo hayakumaliza uasi, na baadaye ulizimwa kwa nguvu kwa msaada wa mamluki.

Tarehe 26 Oktoba 1966 Mobutu alimwondoa. Hakumweka mtu mwingine. Alifuta cheo chenyewe cha waziri mkuu, na nchi ikakaa bila mwenye cheo cha aina hiyo hadi mwaka 1977.

Balozi mbali na kambi

Katika Kongo ya miaka ile, kuondolewa kwenye madaraka kungeweza kumaanisha gereza au kaburi. Mulamba alipewa ubalozi. Alitumwa India, kisha Japani, na baadaye Brazil. Ilikuwa njia ya Mobutu ya kumweka mbali mtu ambaye askari walimheshimu bila kumgusa. Jenerali aliyelinda Bukavu akawa mtu wa suti na barua za utambulisho, katika miji ambayo hakuna aliyejua Ziwa Kivu liko wapi.

Akiwa ng'ambo, nchi yake ilibadilika jina. Mwezi Oktoba 1971 Kongo ikawa Zaire. Mwaka uliofuata raia walitakiwa kuacha majina ya Kikristo, na Léonard akawa Mulamba Nyunyi wa Kadima.

Alifariki mwaka 1986. Zaire ilikuwa bado chini ya Mobutu, na wenzake wengi wa usiku ule wa Novemba 1965 walikuwa wamekwisha sahaulika. Lakini Bukavu kulikuwa na njia panda yenye jina lake.

Mji unaobadilisha wenye bunduki

Kubaki kwa jina hilo si jambo dogo katika mji huu. Bukavu yenyewe iliwahi kuitwa Costermansville, kwa heshima ya afisa Mbelgiji, hadi miaka ya 1950. Zaire ikarudi kuwa Kongo mwaka 1997. Sanamu zimeangushwa, barabara zimepewa majina mapya. Place Mulamba imebaki.

Na tangu 1964, mji umepokea bunduki nyingi nyingine. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme, Mbelgiji, waliuteka na kuushikilia karibu miezi mitatu kabla ya kuvuka Ruzizi kuingia Rwanda, wakiacha sehemu kubwa ya mji imeharibika. Mwishoni mwa Oktoba 1996 wapiganaji wa AFDL waliingia, na Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa akauawa. Mwaka 1998 vita vilirudi. Mwezi Juni 2004 wanajeshi wa Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi waliuteka mji kwa siku chache, na wakazi wanakumbuka uporaji na ubakaji wa siku hizo.

Tarehe 16 Februari 2025 wapiganaji wa AFC/M23 waliingia Bukavu. Jeshi la serikali lilikuwa limeondoka. Kambi ya Saio, yenye jina la ushindi wa wazee wa 1941, iliachwa bila wenyewe, na silaha zilizoachwa zikaokotwa hata na vijana wadogo.

Kwa hiyo swali la Mulamba ni nani limepata uzito mpya. Kwa wengi mjini, jina hilo sasa linauliza lenyewe: kwa nini wakati ule mkubwa alibaki?

Wazee wanaoondoka na habari zao

Mulamba alikuwa mtu mkubwa, na maisha yake yameandikwa. Lakini nyuma ya kila jina la njia panda kuna maelfu ya askari wa kawaida waliozeeka bila kutajwa.

Tarehe 8 Juni 2022, mjini Kinshasa, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvisha nishani mzee mmoja aliyekuwa ameketi kwenye kiti. Alikuwa Koplo Albert Kunyuku, mwenye umri wa miaka 100, ambaye alipelekwa hadi Burma wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alitajwa kuwa ndiye aliyebaki miongoni mwa askari wa Force Publique wa vita hivyo. Zaidi ya miaka 75 ilikuwa imepita tangu vita viishe. Wenzake wengi walikuwa wamekufa bila mfalme wala rais kuwashika mkono.

Wazee waliokuwa na Mulamba mwaka 1964 nao wanaondoka. Aliyekuwa askari wa miaka 20 wakati ule amepita miaka 80 leo. Wengine wamestaafu katika vitongoji vya Kadutu na Bagira, au katika vijiji vya Kabare na Walungu, wakiwa baba na babu wa familia kubwa. Wajukuu wao wanajua kwamba babu alikuwa soda, kama wanajeshi wanavyoitwa Kongo. Mara nyingi hawajui alikuwa wapi, alipigana na nani, na ni nani aliyemfanya asikimbie.

Hakuna serikali inayohitajika ili kumwuliza babu swali hilo. Kinachohitajika ni mtoto wa kukaa naye jioni, na daftari au simu ya kurekodi. Picha yenye sare iliyofifia ukutani, kitabu cha askari chenye mihuri, medali iliyofungwa katika kitambaa sandukuni: kila kimoja kina habari ambayo mwenyewe peke yake anaweza kuieleza, na siku akizikwa inakwenda naye.

Kesho asubuhi, kama kila asubuhi, makondakta wataliita jina lile tena pale Ibanda. Abiria watashuka, watavuka barabara na kwenda zao. Mtoto atakayemwuliza mzazi wake "Mulamba ni nani?" sasa anaweza kupata jibu: alikuwa mtu wa Kasai, aliyekuja na askari wake, na mji ulipokuwa karibu kuanguka, alibaki.